Safari ya siku moja kwa baiskeli bila magari: tufuate reli ya zamani, Mbulamuti hadi Namasagali

Pedali_Polepole (Kampala)

Wadau, salaam. Mtaani kwangu swali haliishi: nimenunua baiskeli, naogopa barabara za Kampala, niende wapi? Majibu wanayopewa ni ya watu waliokwisha kuzoea. Amka alfajiri, shika barabara ya Entebbe kabla magari hayajajaa. Mama wa miaka hamsini mwenye goti linalouma, au kijana aliyenunua baiskeli ya mtumba juzi, hilo halimsaidii. Boda zinampita kushoto na kulia, taksi inamkatia mbele kuchukua abiria, akifika nyumbani mikono inatetemeka. Baada ya hapo baiskeli inaegemezwa nyuma ya mlango na hatoki nayo tena.

Mimi nawaambia: tafuteni mahali reli ilipopita.

Sababu ni injini ya mvuke. Treni yenye mzigo ikipanda mita 2 kwa kila mita 100 tayari imefika mahali pagumu, kwa hiyo wahandisi wa zamani walivizunguka vilima. Angalieni Kampala yenyewe. Barabara zinapanda Kololo, Mbuya na Muyenga, lakini reli imelala bondeni, Nakawa na Namuwongo. Ukifuata mkondo uliochaguliwa na reli, hutakutana na mlima wa kukushusha usukume. Kwa anayeanza, hilo ni muhimu kuliko baiskeli ya bei kubwa.

Nchi nyingine wameligundua zamani. Huko Missouri, Marekani, kuna reli iliyoacha kupitisha treni mwaka 1986, na leo ni njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita 380, inaitwa Katy Trail. Familia nzima inaendesha pale bila kukutana na gari ila kwenye vivuko.

Sisi nasi tuna reli iliyokufa, na ina historia ya kutosha kumfanya mtu asahau uchovu. Reli ya Busoga, mashariki mwa Uganda, ilifunguliwa 1912, ikatoka Jinja hadi Namasagali. Ilitangulia hata ile ya Port Bell ya 1915. Ilijengwa kwa sababu Nile ikitoka Jinja ina maporomoko ambayo meli haiwezi kupita, maji yanatulia huko chini karibu na Ziwa Kyoga. Kwa hiyo pamba ya kutoka pande za Kyoga ilikuja kwa meli hadi Namasagali, ikapakiwa kwenye treni hadi Jinja, ikavushwa Ziwa Victoria hadi Kisumu, kisha treni tena hadi Mombasa. Fikirieni robota moja la pamba lilibebwa na kushushwa mara ngapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda, bandari ya Namasagali ikashindwa, na treni zikaacha kwenda huko.

Pendekezo langu: Ijumaa jioni tulale Jinja. Jumamosi tupakie baiskeli kwenye pikapu, saa moja na nusu asubuhi tuwe Mbulamuti, ambako zamani palikuwa na makutano ya reli. Kutoka pale tunashika mkondo wa reli ya zamani na vijia vya pembeni yake hadi Namasagali, kilomita ishirini na kitu. Tunafika kabla jua halijawa kali, tunakula, tunatazama mabaki ya bandari, kisha pikapu inaturudisha kupitia Kamuli. Kwenda tu, hakuna kurudi kwa pedali. Mwenye nguvu za kuzidi aendeshe hadi Kamuli, tutamkuta huko.

Niseme wazi ili mtu asije akalaumu: msitegemee lami, vibao wala vyoo vya njiani. Kuna mahali tuta la reli ni kijia kizuri, na kuna mahali limelimwa, inabidi kushuka kwenye njia ya kijiji. Boda mtakutana nazo. Magari ni machache mno. Nani yuko tayari?

MtotoWaBusia (Busia)

Wazo zuri sana kaka. Sisi wa mpakani baiskeli ni damu yetu, boda boda zenyewe zilianza hapa kwa baiskeli miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine kwenye karia. Mpaka leo kuna wazee hapa wanaobeba magunia mawili ya mahindi kwenye chuma ya gia moja, na hawasukumi.

Lakini mbona mnakwenda mbali hivyo? Reli ya Port Bell iko hapo hapo Kampala, na ni fupi. Nimeona watu wanatembea juu yake kila siku, Namuwongo wanauza hata nyanya pembeni. Na ile ya Kasese inayopita Nalukolongo na Kyengera, treni haijaonekana miaka mingi. Si tungeanzia hapo?

Pedali_Polepole (Kampala)

Ndugu yangu, nakushukuru kuuliza, kwa sababu najua kuna mtu tayari alikuwa anaifikiria Port Bell. Jibu ni hapana, na naomba nisieleweke vibaya.

Port Bell ni reli hai. Mabehewa ya mizigo yanashuka hadi bandarini na kupakiwa kwenye meli za kuelekea Mwanza na Kisumu. Treni ya abiria ya Namanve nayo, tangu ilipoanza 2015, inatumia reli kuu ya upande wa mashariki. Treni haikwepi. Dereva akikuona na kufunga breki, bado itateleza mamia ya mita. Na ukiwa na upepo usoni, kofia ya baiskeli masikioni, injini inayokuja nyuma yako huisikii mapema kama unavyodhani. Wale wanaouza nyanya wanajua saa za treni na wanajua pa kurukia. Wewe mgeni na baiskeli ya kilo kumi na tano hujui.

Tena hata treni ingekuwa haipo, huwezi kuendesha kati ya reli mbili. Kokoto zile ni kubwa kama ngumi, gurudumu la mbele linazama na kupinda. Mataruma yamepangwa karibu karibu, kila moja linakupiga mgongoni. Dakika kumi tu mtu yuko chini anasukuma.

Ya Kasese ilifika huko 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ni kilomita 333 kutoka Kampala. Kweli treni hazijapita muda mrefu, lakini reli bado imelala pale na ni mali ya Shirika la Reli la Uganda. Mtu asipande juu yake na baiskeli. Vijia vya wenyeji vya kando ni jambo jingine, ila ukitoka Nalukolongo mpaka nyumba ziishe umeshachoka na vumbi la malori. Ndiyo maana nasema Busoga.

Mama_Wawili (Jinja)

Salaam wote. Mimi nimekaa Jinja tangu kabla haijawa jiji mwaka 2020, na Namasagali sijawahi kufika kwa baiskeli. Nina mtoto wa miaka kumi na miwili anayeendesha vizuri na mdogo wa miaka mitano ambaye lazima nimbebe. Naomba kuuliza kama mama. Mtoto akichoka katikati inakuwaje? Maji ya kunywa? Na wanawake tukiwa wachache kwenye kundi, njia hiyo ina watu au ni pori?

Nyuki_wa_Kamuli (Kamuli)

Dada, karibu kwetu. Pori hakuna. Busoga huku nyumba hazikatiki, ukimaliza shamba la muhogo unaingia ua wa mtu. Watoto watawakimbilia nyuma mpaka mchoke kuwapungia mkono. Mtoto akichoka, unapiga simu, boda inakuja inambeba yeye na baiskeli yake. Hilo halina shida kabisa.

Maji ya chupa kwenye vituo vya biashara yapo, lakini baridi usitegemee. Kila mtu mzima aanze na lita mbili. Huku ni digrii moja tu juu ya ikweta, saa nne asubuhi jua linauma. Chapati na mayai mtapata, rolex ya huku, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, haina haya mbele ya ile ya Wandegeya, Kampala. Samaki mtapata Namasagali kwenyewe, agizeni mapema, kwa sababu mtu hawezi kukaanga samaki kumi kwa dakika tano eti kundi limefika.

Sasa sikilizeni la muhimu ambalo mwenye uzi hakuligusa. Miwa. Huku kwetu miwa imekula mashamba, na wakati wa kuvuna matrekta yanavuta trela zilizojaa mpaka juu, miwa inachomoza pembeni. Dereva hamwoni mtu wa nyuma wala wa ubavuni. Kwenye mkondo wa reli hamtakutana nayo, lakini kila mnaposhuka kwenye barabara ya kijiji au kuvuka barabara kubwa, simameni kabisa. Mkilisikia trekta, ingieni kwenye nyasi lipite. Msijaribu kulipita trela, hata kama linakwenda polepole. Vumbi lake peke yake linakufunga macho.

Pili, mvua. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba udongo wetu unageuka gundi. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, unabeba baiskeli begani. Njooni Januari, Februari, au kuanzia Juni mwishoni. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, ahirisheni.

Tatu, Namasagali maji yanavutia. Yametulia, kuna upepo, mtu ametoka jasho. Msiingie, hata kunawa miguu tu. Kichocho kipo kwenye kingo za Nile na Kyoga, nasi wa huku tunawajua waliougua. Nawieni maji ya kisima.

Pedali_Polepole (Kampala)

Nyuki, Mungu akubariki. Hilo la miwa naliweka juu kabisa kwenye mpango. Je, sehemu zilizolimwa juu ya tuta, wenyewe wanasemaje watu wakipita?

Nyuki_wa_Kamuli (Kamuli)

Wanasema vizuri ukiwasalimu. Ukimkuta mzee kwenye mahindi yake, shuka kwenye baiskeli, msalimie, mwombe njia. Usipite juu ya mimea hata kama unajua ardhi ni ya reli. Mara nyingi atakuonyesha kijia ambacho ni kizuri kuliko tuta. Wazee huku bado wanaijua njia yote, ukiuliza treni ilipita wapi wanakuonyesha kwa mkono bila kufikiri.

FundiTairi (Jinja)

Naingia kwa upande wa baiskeli, maana naona watu wanapanga chakula na baiskeli haijaguswa.

Huhitaji baiskeli ya milima. Njia ni tambarare, hata chuma ya kawaida ya gia moja inafika. Lakini ziko breki za vyuma vile virefu kutoka kwenye usukani. Zikilowa hazishiki vizuri, na pedi zake nyingi zimekwisha mtu hajui. Pindua gurudumu, bana breki, ukiona chuma kinagusa ringi, badilisha kabla ya safari.

Tairi. Wengi wanajaza upepo mpaka tairi linakuwa jiwe, wanadhani ndiyo wepesi. Kwenye lami sawa. Kwenye udongo na changarawe tairi gumu linaruka juu ya kila kijiwe, na mikono inakufa ganzi. Kwa tairi pana la inchi 26, kama pampu yako ina saa, simama kwenye psi 35 hadi 40. Kama haina, bonyeza kwa kidole gumba: liingie kidogo tu, lisilegee. Tairi jembamba la mashindano liacheni nyumbani.

Spoki. Shika mbili mbili uzibane kwa vidole, zunguka gurudumu lote. Inayolegea utaisikia. Moja iliyolegea leo ni tatu zilizokatika ukiwa kilomita kumi na tano ndani, halafu gurudumu linasugua fremu.

Siti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiwa umekunja goti hapo, siti ni fupi, na hilo ndilo linaloumiza magoti ya watu wakasema ni uzee. Mama mwenye goti linalouma aliyetajwa juu, aanze na hapo kabla hajanunua dawa.

Pancha. Miiba ipo. Kila mmoja aje na mpira wa ndani wa akiba wa saizi yake, kwa sababu kubadilisha ni haraka kuliko kuziba. Mkiziba: sugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke, paka gundi safu nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo watu wanaharibu. Gundi ikiwa bado mbichi kiraka kinateleza. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole, ikiwa hainati tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Na kabla ya kurudisha mpira, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba uliokutoboa bado umo, utatoboa tena baada ya mita mia.

Msomi_Bristol (Uingereza)

Salaam kutoka Bristol. Nimezaliwa Tororo, niko huku kwa kazi. Uzi huu umenigusa kwa sababu kila asubuhi naendesha juu ya reli ya zamani. Njia ya Bristol hadi Bath ni kama kilomita 21, ilijengwa kipande kwa kipande kati ya 1979 na 1986, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watu wa kujitolea. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1960, na kabla ya kazi hiyo njia ilikaa imejaa miiba na takataka.

Sasa hivi ni lami upana wa gari moja. Unapita ndani ya handaki la Staple Hill, lina taa, maji yanadondoka kutoka darini hata wakati wa kiangazi, na ghafla unasikia baridi kifuani. Baadaye kuna stesheni ya zamani ya Bitton ambapo watu wanakunywa chai wakitazama injini za mvuke zilizotunzwa. Ukikaribia Bath unavuka mto Avon zaidi ya mara moja juu ya madaraja ya treni. Bibi wa miaka sabini anakupita na kikapu cha mboga. Watoto wanakwenda shule. Hakuna aliyevaa nguo za mashindano.

Ninachotaka kusema: haikuanza na serikali kutengeneza kila kitu. Ilianza na watu kupita, kisha kufyeka, kisha kudai. Hiyo Jumamosi yenu ni ya maana kuliko mnavyodhani. Pigeni picha, andikeni mahali ambapo tuta bado zima na mahali lilipoliwa. Siku mtakapokwenda kwenye halmashauri mtakuwa na kitu mkononi.

Raia_Mwangalifu (Tororo)

Nisamehe nikiwa mkali kidogo. Mnahimiza watu kuzoea ardhi ya reli. Kesho wataota mizizi pale, na siku serikali ikitaka kufufua reli mtasikia kelele za kufukuzwa. Tumeona watu wakivunjiwa nyumba Kampala kwa sababu ya kujenga kwenye hifadhi ya reli. Oktoba 2024 serikali imesaini mkataba wa reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Reli inarudi, ndugu zangu. Kwa nini msiache ardhi yake?

Pedali_Polepole (Kampala)

Hoja yako naiheshimu, na nimeifikiria kwa muda mrefu. Reli mpya haiendi Namasagali, lakini tuseme siku moja watataka tawi la huko. Ni kipi kitakuwa rahisi kuondoa: njia ya baiskeli, au nyumba mia mbili na kanisa? Ardhi ya reli iliyoachwa tupu haikai tupu. Inalimwa, inajengwa, inauzwa kwa karatasi za uongo, na anayeumia mwisho ni maskini aliyenunua kwa nia njema.

Wamarekani walitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 1983. Kampuni ya reli ikiacha njia, inaweza kukabidhiwa kwa matumizi ya watembea kwa miguu na baiskeli, kwa sharti kwamba treni ikihitajika, njia inarudi kuwa reli. Mkondo unabaki mzima, haukatwi vipande. Njia ya baiskeli inakuwa mlinzi wa ardhi ya reli. Mimi ningefurahi sana kuiona treni Namasagali tena, ningekuwa wa kwanza kukata tiketi. Mpaka siku hiyo, napenda kuona watu wanapita pale kuliko mawe ya msingi.

Raia_Mwangalifu (Tororo)

Hapo umenijibu. Bado nasema mwende mkaripoti kwa mwenyekiti wa kijiji pale Mbulamuti na Namasagali kabla ya kundi kufika. Watu ishirini wenye kofia na simu za kupiga picha kwenye ardhi ya serikali, wenyeji watadhani ni wapima viwanja. Mtazua hofu bure.

Nyuki_wa_Kamuli (Kamuli)

Kweli kabisa, hilo niachieni mimi. Nitaongea na wenyeviti wote wawili. Na Namasagali tuombe ruhusa mapema pia, kwa sababu majengo mengi ya bandari ya zamani yako ndani ya eneo la shule, na Chuo Kikuu cha Busitema nacho kina kampasi pale. Tukiomba kistaarabu watatupokea. Kundi lisizidi watu kumi na watano safari hii ya kwanza.

Pedali_Polepole (Kampala)

Sawa, kumi na watano. Basi mpango uko hivi, nasahihisha ule wa mwanzo. Tunakwenda Jumamosi ya pili ya Februari, na mvua ikinyesha usiku tunasogeza wiki moja. Saa moja kamili asubuhi, nusu saa mapema kuliko nilivyosema, tunaanza Mbulamuti. Mwendo ni wa aliye nyuma kabisa, na FundiTairi nakuomba ukae nyuma na begi lako la vyombo. Nyuki mbele. Kwenye kila kivuko cha barabara kundi zima linasimama na kuvuka pamoja. Ikifika saa nne na nusu na bado tuko mbali, pikapu inakuja kutuchukua hapo tulipo, na hakuna wa kuona haya. Samaki naagiza Alhamisi.

Mama_Wawili (Jinja)

Niandikeni, mimi na watoto wawili. Mkubwa ana baiskeli yake. Ninachokosa ni siti ya mtoto ya kufunga kwenye karia, huyu mdogo nikimkalisha hivi hivi miguu inaning'inia karibu na spoki na naogopa. Nani anayo ya kuazima?

FundiTairi (Jinja)

Mama, usimbebe bila kizuizi, nimeshaona vifundo vya miguu ya watoto vilivyoingia kwenye spoki. Ninayo siti ya zamani yenye mkanda na pa kukanyagia pande zote mbili. Mkanda umechakaa, nitashona mwingine. Lete baiskeli siku yoyote kabla ya Ijumaa nikufungie, niangalie na breki ya nyuma, maana uzito utaongezeka huko.